Upige hodi mlango upi? Huduma za halmashauri kwa mama na mtoto Bariadi na Simiyu

Mwenye mtoto mdogo hukutana na serikali ya mahali pake kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani. Siku ya kliniki, siku ya chanjo, siku ya kupima uzito, siku ya kuandikisha shule: zote hizo ni huduma zinazosimamiwa na halmashauri. Pamoja na hayo, akina mama wengi wanaujua mlango mmoja tu, ule wa zahanati. Jambo likizidi uwezo wa zahanati, hawajui waende wapi. Ndipo familia inapohangaika kutafuta gari usiku wakati mama anatokwa na damu, au mtoto anapofikisha miaka sita bila cheti cha kuzaliwa.

Ukurasa huu unakuonyesha milango mingine: upige hodi wapi, ubebe nini, na ni huduma zipi hupaswi kulipia. Usome sasa ukiwa mzima na mtoto akiwa mzima, kwa sababu siku ya dharura si siku ya kuanza kuuliza njia.

Kwanza, ijue halmashauri yako

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Shinyanga. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Halmashauri, hata hivyo, ni sita, kwa sababu Wilaya ya Bariadi ina halmashauri mbili. Ukiishi Malambo, Somanda au Nyakabindi, uko Halmashauri ya Mji wa Bariadi. Ukiishi Dutwa, uko Halmashauri ya Wilaya ya Bariadi. Usipoijua yako, unaweza kupanga foleni tangu asubuhi, kisha ukaambiwa saa sita kuwa ofisi yako ni nyingine.

Ngazi zenyewe ni hizi. Kijijini unaanza na mwenyekiti wa kitongoji, kisha serikali ya kijiji yenye mwenyekiti na mtendaji, kisha mtendaji wa kata, kisha halmashauri. Mjini unaanza na mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, kisha kata, kisha halmashauri. Mwenyekiti amechaguliwa na wananchi. Mara ya mwisho uchaguzi huo ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji ni mwajiriwa. Barua na mihuri utavipata kwa mtendaji. Hoja unayotaka ifike mkutanoni mpelekee mwenyekiti, na ile ya kufika baraza la madiwani mpe diwani wako.

Kwa upande wa afya ngazi zinafanana: mhudumu wa afya ngazi ya jamii, zahanati, kituo cha afya, hospitali ya halmashauri, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Bariadi. Mgonjwa anayehitaji zaidi ya hapo hupelekwa Bugando, Mwanza. Anza ngazi ya chini iliyo karibu nawe, isipokuwa dalili za hatari zimekwisha kuonekana.

Dharura ya uzazi: piga 115

Namba 115 ni ya mfumo wa usafiri wa dharura unaoitwa m-mama. Kuipiga ni bure. Ukipiga, unaongea na mtoa huduma anayekuuliza uko wapi na mgonjwa ana dalili gani, kisha anatafuta gari la wagonjwa. Kama gari hilo liko mbali, anamwita dereva wa jamii aliyesajiliwa na kupewa mafunzo, mwenye gari lake mwenyewe. Dereva huyo analipwa na serikali. Wewe humlipi.

Huduma hii ni kwa watu watatu: mjamzito, mama aliyejifungua ambaye hajamaliza siku 42, na mtoto mchanga ambaye hajamaliza siku 28. Kwa mtoto mkubwa zaidi aliyezidiwa, mkimbize kituo kilicho karibu kwa usafiri wowote ulionao. Wahudumu ndio watakaopanga rufaa.

Usisubiri mume arudi au mama mkwe atoe ruhusa ukiona mojawapo ya haya kwa mjamzito au mama aliyejifungua:

- kutokwa na damu ukeni wakati wa ujauzito, au damu nyingi baada ya kujifungua
- degedege, au kupoteza fahamu
- kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba
- homa kali, au maumivu makali ya tumbo
- chupa kupasuka kabla ya uchungu kuanza
- mtoto kupunguza kucheza tumboni au kuacha kabisa

Kwa mtoto mchanga angalia haya: anakataa kunyonya, anapumua haraka au kifua kinabonyea akivuta pumzi, mwili ni wa moto sana au wa baridi, anashtuka kwa degedege, kitovu kinatoa usaha, au nyayo na viganja vimekuwa vya njano.

Ukiwa na simu mkononi, taja kijiji, kitongoji, na alama ambayo mgeni ataiona usiku: shule, kanisa, mashine ya kusaga, mti mkubwa penye njia panda. Maneno "nyumbani kwa Mzee fulani" hayamsaidii dereva anayetoka tarafa nyingine. Kama mvua imejaza mto na gari halivuki, sema hivyo mapema ili mkubaliane mahali pa kukutana. Mtu mmoja abaki na simu yenye chaji.

Familia yenye mjamzito iiandike namba 115 ukutani kwa mkaa au chaki, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la nne ataiona na kuisoma. Simu ya mama inaweza kuzimika, lakini ukuta upo.

Cheti cha kuzaliwa: kabla ya miaka mitano ni bure

Mtoto mwenye umri chini ya miaka mitano anasajiliwa na kupewa cheti bila malipo kwa mara ya kwanza. Huhitaji kusafiri hadi ofisi ya wilaya. Usajili hufanyika katika vituo vya afya vinavyotoa huduma ya mama na mtoto, na katika ofisi ya mtendaji wa kata. Mpango huu unasimamiwa na RITA pamoja na halmashauri.

Kama umejifungulia kituoni, ulizia cheti kabla hujaruhusiwa kurudi nyumbani. Kama siku hiyo haikuwezekana, ulizia siku ya chanjo ya wiki ya 6, kwani utakuja tu. Nenda na kadi ya kliniki ya mtoto, majina kamili ya wazazi wote wawili yalivyoandikwa kwenye vitambulisho vyao, na tarehe sahihi ya kuzaliwa.

Mtoto aliyezaliwa nyumbani au njiani anayo haki ileile. Mhudumu wa kitongoji na mtendaji wa kijiji wanaweza kuthibitisha kuwa alizaliwa hapo, na kadi yake ya chanjo inasaidia pia. Usione aibu kuja. Hakuna faini ya kujifungulia nyumbani unayolipishwa ili upate cheti.

Akina mama wengi husema wanamsubiri baba arudi kutoka machimboni au kwenye malisho. Mama anaweza kuanza usajili mwenyewe, na bibi au mlezi anayelea mtoto aende kwa mtendaji kuuliza utaratibu wake. Jina nalo huchelewesha. Watoto wengi wa Kisukuma wana jina la nyumbani, jina la ubatizo na jina la ukoo. Amueni nyumbani ni majina yapi yataandikwa na kwa herufi zipi. Cheti kikisema Ng'washi, kadi ya chanjo ikisema Mwashi na shule ikaandika Washi, mtoto huyo atazungushwa kwa miaka mingi. Soma cheti hapohapo kabla hujaondoka. Kama husomi, mwombe mtu akusomee kwa sauti.

Mtoto akishavuka miaka mitano, utaratibu unakuwa mrefu na kuna ada. Kwa familia inayosubiri mauzo ya pamba, hiyo ni sababu tosha ya kwenda wiki hii.

Huduma ambazo hupaswi kulipia

Sera ya afya ya nchi inawasamehe malipo mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Kliniki ya ujauzito, kujifungua, chanjo na matibabu ya mtoto huyo yamo. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo naye ana msamaha. Kama wewe ni bibi unayelea wajukuu, peleka jina lako kwa mtendaji ili uingizwe kwenye orodha.

Chanjo za watoto zina tarehe zake: anapozaliwa, wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14, miezi 9 na miezi 18. Ile ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa kuwa mtoto anakimbia na kula mwenyewe, na mama yuko shambani. Ni dozi ya pili ya surua na rubela. Bila hiyo kinga ya mtoto haijakamilika. Ukichelewa tarehe, njoo tu. Chanjo nyingi zinaweza kuendelea kutoka pale ulipoishia.

Kwa mjamzito, anza kliniki mara unapojua una mimba, kabla ya wiki ya 12. Njoo na mwenzi wako kama yupo. Kama hayupo, njoo peke yako. Hupaswi kunyimwa huduma kwa sababu hiyo.

Ukweli ni kwamba dawa au vifaa huweza kuisha kituoni, ukaambiwa ununue nje. Ikitokea, fanya hivi kwa utulivu. Uliza kama dawa imeisha kweli na itaingia lini. Uliza kama kituo jirani kinayo. Ukitakiwa kulipa pesa yoyote ndani ya kituo, omba risiti ya serikali. Kama hakuna risiti, usitoe pesa. Omba kuonana na mganga mfawidhi. Usiporidhika, hatua inayofuata ni kamati ya usimamizi ya kituo, yenye wajumbe kutoka miongoni mwenu wananchi. Baada ya hapo ni ofisi ya Mganga Mkuu wa halmashauri. Namba ya kupiga bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Hili la kamati lina uzito. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za afya hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya zahanati au kituo. Maana yake matumizi mengi hupangwa hapohapo kijijini kwenu, na kamati inapaswa kuyajua. Je, unawajua wajumbe wa kamati ya zahanati yako? Je, kuna mama mwenye mtoto mdogo ndani yake? Kama hakuna, mpendekezeni mmoja nafasi ikipatikana.

Shilingi 1,000 ya kila mtoto

Halmashauri nchini zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kutoka mapato yake kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, kwa ajili ya lishe. Wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe, na mwaka 2022 mkataba huo ukasainiwa upya. Fedha hii haigawiwi mkononi. Inapaswa kuonekana kwenye kazi: vipimo, mafunzo, matone ya vitamini A, ufuatiliaji wa watoto wenye utapiamlo.

Sehemu mbili ambapo unaweza kuiona:

Ya kwanza ni Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Watoto hupimwa mzingo wa mkono kwa utepe wa rangi. Kijani ni salama. Njano ni onyo. Nyekundu ni hatari, na mtoto huyo apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Mtoto mwenye miguu iliyovimba pande zote mbili naye ni wa kupelekwa siku hiyohiyo, hata kama anaonekana mnene.

Ya pili ni mwezi wa afya na lishe ya mtoto, kwa kawaida Juni na Desemba. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A, na wale wa kuanzia mwaka mmoja hupewa dawa ya minyoo.

Simiyu ni mkoa wa wakulima na wafugaji. Maziwa, dengu, choroko, karanga, viazi na dagaa wa Ziwa Victoria vinapatikana sokoni na mnadani. Bado kuna watoto wanaokula uji mweupe mtupu asubuhi, na ugali kwa mlenda jioni. Mtoto akitimiza miezi 6, endelea kumnyonyesha na umwongezee vyakula mchanganyiko: uji wenye karanga zilizosagwa, yai, dagaa waliopondwa, mboga za majani, tunda. Maziwa ya ng'ombe yachemshwe kwanza. Ukitaka mtu wa kuwafundisha kikundi chenu mapishi haya, mwombeni afisa lishe wa halmashauri kupitia mtendaji. Ni kazi yake.

Maji, choo na kuhara

Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyopata wagonjwa wa kipindupindu. Ugonjwa huu huingia kwa maji na chakula chenye kinyesi, na mtoto mdogo anaweza kuishiwa maji mwilini kwa saa chache.

Mtoto akianza kuhara, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti (ORS) mara kwa mara kwa kijiko au kikombe, endelea kumnyonyesha, na umpeleke kituoni akapewe pia zinki. Maliza zinki kwa siku zote utakazoambiwa hata kama kuhara kumekoma. Macho yakidumbukia, akilegea, akishindwa kunywa, au kinyesi kikiwa kama maji ya mchele, usingoje kupambazuke.

Mlango wa kupiga hodi hapa ni afisa afya wa kata. Mwambie mkiona watu wawili au watatu wa jirani wanahara kwa wakati mmoja, hata kabla hamjajua ugonjwa ni upi. Kisima au bomba likiharibika kijijini, taarifa inaenda kwa jumuiya ya watumia maji na kisha RUWASA; mjini, inaenda kwa mamlaka ya maji. Wakati mnasubiri matengenezo, maji ya lambo na ya kisima cha wazi yachemshwe hadi yatokote au yatiwe dawa ya maji.

Mtoto au mama akifanyiwa ukatili

Hili halimalizwi kwa kikao cha ukoo wala kwa ng'ombe. Mtoto akibakwa au kulawitiwa, mpeleke hospitali haraka, kabla ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU haifanyi kazi baada ya hapo. Usimwogeshe, na nguo alizovaa zihifadhi kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa. Polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Halmashauri ina afisa ustawi wa jamii. Namba 116 ni ya kuwasaidia watoto, na kupiga ni bure. Binti anayeandaliwa kuozeshwa akiwa mwanafunzi ni wa kusaidiwa kupitia milango hiyohiyo.

Mkutano wa kijiji ni wako pia

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wake. Mapato na matumizi yanapaswa kusomwa hapo. Akina mama huja kwa wingi, lakini mara nyingi hukaa nyuma na kunyamaza. Huhitaji hotuba. Swali moja fupi linatosha:

"Mwenyekiti, shikamoo. Naomba kuuliza: Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji mara ya mwisho ilifanyika lini, na ijayo ni lini?"

Au: "Naomba wajumbe wa kamati ya zahanati wasimame tuwafahamu."

Swali likiulizwa mkutanoni huandikwa kwenye muhtasari, na muhtasari hupelekwa juu. Likiulizwa kisimani halifiki popote. Kama unaona haya kuuliza peke yako, kubalianeni wanne au watano siku ya kliniki, mmoja aulize na wengine wamuunge mkono.

Mambo matano ya kufanya wiki hii

1. Andika 115 ukutani, na uhakikishe kila mtu nyumbani anajua ni ya nini.
2. Toa kadi ya kliniki ya mtoto, angalia tarehe ya chanjo inayofuata. Kama imepita, nenda.
3. Kama mtoto hana cheti na hajafikisha miaka mitano, nenda kituoni au kwa mtendaji wa kata.
4. Pata namba za simu za watu watatu: mhudumu wa afya wa kitongoji au mtaa wako, mtendaji, na mganga mfawidhi wa zahanati.
5. Uliza tarehe ya mkutano ujao wa kijiji au mtaa, na uiambie jirani yako mwenye mtoto mdogo.

Kadi ya kliniki, cheti na vitambulisho viweke pamoja kwenye mfuko mmoja wa plastiki usiopitisha maji, mahali panya hafiki. Siku ukiondoka nyumbani kwa haraka, utachukua mtoto kwa mkono mmoja na mfuko huo kwa mkono wa pili.